Miguu ya Mwenyekiti

Mchana wa Alhamisi Kuu mama mfuaji wa kanisa alikuwa sakristia akipiga pasi taulo za miguu. Zilikuwa taulo nyeupe, fupi, moja kwa kila mtume, na alizinyunyizia maji kwa vidole kabla ya kuzikandamiza, kwa sababu pasi ya kanisa ilikuwa na tabia ya kuacha alama ya kahawia mahali pakavu. Jagi lilikwisha kusuguliwa. Beseni pia. Nje, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo wa jioni na kukosea palepale kila mara.

Katika parokia ile, wanaume waliochaguliwa kuwa mitume walikuwa na desturi ya kuosha miguu nyumbani kabla ya kuja kuoshwa kanisani. Walikwangua magaga kwa jiwe, wakakata kucha, wakapaka mafuta, na wengine walivaa soksi mpya ili vumbi la njiani lisiwaharibie kazi. Paroko naye alidondosha maji kidogo juu ya mguu uliokwisha kutakata, akaugusa kwa taulo, akaubusu, akahamia mwingine. Taulo zilirudi kwa mfuaji karibu kama zilivyotoka. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini kila mwaka mchezo huo ulimtia kinyaa. Aliona ni sawa na mtu kwenda kwa kinyozi akiwa amekwisha kunyolewa, kisha akae kitini na kujiangalia kwenye kioo kwa furaha.

Jioni ile Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia alikaa kiti cha kwanza, cha Petro, kama ilivyokuwa miaka yote. Ndiye aliyekuwa na kiwanda cha matofali na machimbo ya udongo nyuma yake, na nusu ya waumini walikula kwa jasho la pale. Alivua kiatu, akanyoosha mguu wa kulia. Ulikuwa mguu mnene, mweupe kwa kusuguliwa nyayoni, unanukia mafuta. Paroko akapiga magoti, akamimina maji, na matope yakaanza kutoka.

Yalitoka kati ya vidole, mazito, mekundu, na hayakuwa na haraka. Paroko alimimina tena ili yaoshwe, yakaongezeka. Alimimina mara ya tatu, beseni likajaa, akamtazama mfuaji na kumwonyesha kwa kidevu. Mfuaji akaleta ndoo ya kudekia. Kwaya iliuimba wimbo mpaka mwisho ikaanza upya, ikakosea palepale. Mtume wa tatu alisogeza viatu vyake visije vikachafuka. Mwenyekiti alikaa na mikono juu ya mapaja, uso umetulia, kama mtu anayepimwa suruali.

Ndoo ilipojaa, Paroko aliona inatosha. Aliupangusa mguu kwa taulo, ingawa matope yalikuwa bado yanatoka, akauinamia na kuubusu, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika. Aliinuka na udongo mdomoni. Akaufuta kwa mgongo wa mkono, akahamia kwa mtume wa pili, ambaye mguu wake ulitoa maji tu. Mfuaji aliutazama ule mdomo mpaka mwisho wa misa. Kwenye pembe ya kushoto ulibaki na doa jekundu, na doa hilo lilicheza kila ulipofunguka kusali.

Baada ya misa Katekista alikuja sakristia, akachovya kidole ndani ya ndoo, akakinusa.

"Udongo wa shimo la chini huu," akasema. "Mzuri sana. Usije ukaumwaga mtaroni, Mama. Umetoka kwenye ibada."

Hilo mfuaji alilijua kuliko yeye. Maji ya kwanza ya vitambaa vya altare hayamwagwi mtaroni. Yanamwagwa ardhini, mahali pasipokanyagwa, isije hata chembe ya kitu kitakatifu ikaenda na uchafu wa mji. Yeye mwenyewe alikuwa na kona yake nyuma ya sakristia kwa kazi hiyo. Akabeba ndoo na beseni mpaka kwenye kona ile, akavimwaga. Harufu iliyopanda ilikuwa ya udongo uliokaa muda mrefu na kitu kilichokufa. Aliinama hapo akatapika, kisha akarudi kuloweka taulo.

Shimo la chini ndilo lililomfukia mume wake. Watu walimwita Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi hata akiwa na tonge mdomoni, na alikuwa mchimbaji kwa Mwenyekiti tangu ujana. Ukuta wa shimo ulikuwa na ufa, wachimbaji walikwisha kuusema, na waliambiwa waendelee. Juma la mwisho kabla ya Majilio mvua ilinyesha na ukuta ukaanguka. Mluzi alikuwa chini peke yake. Kumfukua kungekuwa na maana ya kufunga machimbo na kuita watu wa serikali waje waone ufa, kwa hiyo Mwenyekiti aliagiza shimo lisawazishwe na uchimbaji usogee pembeni. Jioni alipita nyumbani kwa mfuaji, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwambia kwa masikitiko kwamba Mluzi ametoroka na mwanamke.

Hakuna aliyeamini. Mji mzima ulijua Mluzi yuko wapi, kama unavyojua lilipo soko. Shemeji yake, mdogo wa Mluzi, alikuwa ukingoni mwa shimo siku hiyo na aliona kwa macho yake. Kabla ya Noeli alikwisha kupandishwa cheo kuwa nyapara.

Mfuaji hakuwa anataka makubwa. Alitaka mume wake atolewe, azikwe, na jina lake lisomwe pamoja na mengine siku ya Marehemu Wote. Alikwenda kwa Paroko wakati wa Majilio, na Paroko akamwambia kwamba Majilio ni kipindi cha kungoja. Alikwenda wakati wa Noeli, akaambiwa si vizuri kuleta msiba mbele ya Mtoto. Baada ya Epifania akaambiwa ni kipindi cha kawaida, hakuna la haraka. Jumatano ya Majivu, akiwa na majivu kwenye paji la uso, akaambiwa kwamba Kwaresima ni wakati wa kila mtu kutazama dhambi zake mwenyewe. Alipigwa danadana na kalenda nzima ya Kanisa, na kila mara Paroko alimshika bega kwa upole, akamsindikiza hadi mlangoni. Mfuaji alifika mahali ambapo bega hilo alilifua kwa sabuni ya vipande kila alipotoka pale.

Sasa udongo ulikuwa umeanza kuja wenyewe. Usiku wa Mkesha wa Pasaka waumini waliponyunyiziwa maji ya baraka, kila tone lililomwangukia Mwenyekiti liligeuka matope, yakamtiririka shingoni mpaka kwenye suti yake ya kijivu. Jumapili yenyewe yalikuja tena. Mwenyekiti alisema hadharani kwamba Mungu anamsafisha kidogo kidogo, na watu waliitikia kwa vichwa. Kona ya mfuaji ikajaa. Rundo likapanda hadi kwenye dirisha la sakristia.

Katekista ndiye aliyetoa wazo. Parokia ilitaka mnara wa kengele tangu zamani, na huu hapa udongo wa kufyatulia matofali, tena ulitoka kwenye ibada na haukuruhusiwa kutupwa. Halmashauri ilikaa mchana mmoja na kukubaliana kabla chai haijapoa. Kuanzia hapo, kila sikukuu kubwa, baada ya misa, Mwenyekiti aliwekewa kiti chini ya kivuli cha ukuta, akakunja suruali mpaka magotini, na mfuaji akaambiwa ammwagie maji miguuni. Vijana walikanyaga udongo, wakaujaza kwenye kalibu, wakabandua. Matofali yalichomwa kwenye tanuri la Mwenyekiti mwenyewe. Shemeji ndiye aliyeyapanga humo.

Mfuaji alikuwa akimimina maji huku amegeuza uso. Miguu ile ilizidi kunawiri. Magaga yaliisha, ngozi ikawa laini kama ya mtoto, na Mwenyekiti alipenda kuvichezesha vidole wakati matope yakipita. Siku ya Pentekoste, mapadre wakiwa wamevaa mavazi mekundu, kati ya kidole gumba na cha pili kulitoka kipande cha nguo. Mfuaji alikiokota. Ulikuwa mfuko wa shati, na uzi uliouzungushia ni wa bluu juu ya kitambaa cha kaki, kwa sababu siku alipoushona hakuwa na uzi wa kaki.

"Huu ni wa mume wangu," akasema.

Mwenyekiti alitazama chini kumuona vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Sogeza jagi kidogo, maji yanaingia kwenye kiatu."

Alimpelekea Paroko ule mfuko. Paroko alikuwa anavua kasula. Aliupokea, akaugeuza, akamrudishia, kisha akatafuta mahali pa kufutia vidole, akavifutia kwenye alba ambayo mfuaji angeifua kesho yake.

"Mama, leo Roho Mtakatifu amewashukia mitume," akasema. "Mambo ya mashati tuyaache."

Kwenye sherehe ya Mwili na Damu ya Bwana, Mwenyekiti alishika mti mmoja wa mwavuli wa Ekaristi. Watoto walitangulia wakimwaga maua, yeye akafuata akiacha nyayo za matope juu ya maua hayo, mtaa hadi mtaa. Akina mama waliokuwa nyuma walianza kuukwangua udongo ule barabarani na kuufunga kwenye leso. Ilikuwa imesemekana kwamba ukiukoroga kwenye maji na kunywa, mgongo unaacha kuuma. Mke wa shemeji alikunywa bilauri nzima mbele ya mfuaji, akajipangusa midomo, akasema umemsaidia, ila una ladha ya chumvi. Mfuaji aliondoka bila kuaga. Alifika kwake akakaa jikoni na kushika tama, akihisi kwamba mji mzima umekaa mezani na yeye ndiye anayeandaa.

Usidhani alikaa kimya. Alimfuata shemeji nyumbani, akamkuta anakula.

"Shemeji, wewe uliona," akamwambia. "Sitaki ushtaki mtu. Mwambie Katekista neno moja tu, kwamba amekufa."

Shemeji alitafuna mpaka mwisho.

"Shemeji, mimi nina watoto," akasema.

"Na yeye alikuwa kaka yako."

"Ndiyo maana naumia. Unadhani kuyapanga yale matofali ni kazi rahisi? Mengine yana joto kabla hayajaingia tanurini." Akamega tonge jingine. "Karibu chakula."

Siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria matope yalikuja mengi kuliko siku zote, na vijana walipobandua kalibu, tofali moja lilikuwa na alama ya kiganja. Hakuna aliyekuwa ameligusa. Vidole vitano vilikuwa vimezama ndani, wazi kabisa, mpaka mistari ya kiganjani ilionekana. Kilikuwa kiganja kikubwa cha mchimbaji. Fundi muashi alisema halina ubaya, litapendeza mlangoni. Mfuaji aliomba apewe. Katekista alimweleza, bila ukali, kwamba ni mali ya Kanisa.

Hadi Watakatifu Wote alikuwa na kapu zima. Kiatu kimoja. Mkanda. Vifungo. Jino, ambalo Mwenyekiti alilitoa kati ya vidole mwenyewe akampa kwa ncha za kucha, akikunja pua. Siku iliyofuata ilikuwa Marehemu Wote. Mfuaji alivifunga vitu hivyo katika kitambaa cheupe alichokifua na kukipiga pasi, akaenda kwa Katekista kabla ya misa, wakati watu wakipeleka majina ya wafu wao.

"Naomba na la mume wangu."

"Mama, tumeshalizungumza hili. Mtu aliyetoroka hatuwezi kumwombea kama marehemu. Siku akirudi je? Tutamwambia nini?"

"Jino lake hili."

Katekista alilitazama kwa heshima.

"Jino linaweza kung'oka mtu akiwa hai," akasema. "Mazishi ni ya mwili. Na awepo mtu aliyeshuhudia."

Shemeji alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, katika foleni, akingoja kutaja jina la mama yao. Katekista alimwangalia. Mfuaji alimwangalia. Shemeji alisoma tangazo la kwaya lililobandikwa ukutani, akalisoma tena, mpaka mfuaji akaondoka. Katika misa majina yalisomwa yote, hata ya watu waliokufa ughaibuni, hata ya mtoto aliyeishi dakika chache. Mfuaji alikaa na kifurushi mapajani. Yalipoisha Paroko alinyamaza kidogo, kwa sababu ni desturi kunyamaza, na katika ukimya huo kila mtu kanisani alisikia jina ambalo halikusomwa. Kisha mpiga kinanda akaanza.

Mnara ulikamilika kabla ya Kristo Mfalme. Ulikuwa mwekundu, mnene chini na mwembamba juu, na siku za joto ulitoa jasho. Askofu alikuja kuubariki. Alizunguka akiunyunyizia maji, na popote maji yalipopita ukuta ulitoa matope mepesi, kama kidonda kinachochuruzika. Askofu aliinua pindo la kanzu yake na kuendelea. Mwenyekiti alitembea nyuma yake, akiwa amevaa ndara kwa sababu viatu vilikuwa havimdumu tena.

Ibada ilipoisha, mfuaji alipita katikati ya akina mama wa zawadi, akapiga goti mbele ya Askofu. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa amekuja na taulo ya kumfutia mikono, na watu walidhani ndiyo kazi yake.

"Baba Askofu, mume wangu yumo humo ndani."

"Nimeambiwa, Mama," akasema Askofu, akijifuta mikono. "Pole sana."

"Naomba nimtoe, nikamzike."

Askofu alikuwa mtu mwema. Alifikiri kweli, hata akaukuna mkono.

"Mnara umeshabarikiwa," akasema. "Kuubomoa sasa ni kufuru. Lakini jitie moyo. Ni wangapi wanapata kulala ndani ya nyumba ya Mungu? Sisi maaskofu tu. Na si wote."

"Kwa hiyo amezikwa?"

"Twaweza kusema hivyo."

"Kwa hiyo amekufa. Jina lake litasomwa."

Askofu alimwangalia Paroko. Paroko alimwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amesimama ndani ya dimbwi dogo jekundu lililokuwa likikua chini ya ndara zake, na nyuma yake palikuwa na ukuta wenye mkono wa Mluzi. Nusu ya parokia ilisogea kusikiliza.

"Yule alitoroka," akasema Mwenyekiti.

Hakupandisha sauti. Shemeji, aliyeyapanga tanurini matofali ya ukuta ule moja baada ya jingine, aliinama akafunga kamba ya kiatu.

"Ndiyo hivyo," akasema Paroko, akamshika mfuaji begani.

Mfuaji aliutoa ule mkono begani mwake kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa mende kwenye nguo. Alitaka kuwatemea mate mmoja mmoja, kuanzia kwenye kofia ya Askofu mpaka kwenye ndara. Alikusanya mate hayo mdomoni yakajaa. Yalikuwa na ladha ya udongo. Mji wote ulikuwa unakula udongo huo sasa, vumbi lake lilikuwa kwenye mboga na kwenye maji ya kisima, na hakujua mate yale yalikuwa yake au ya nani. Akayameza.

Askofu aliitwa mezani. Mchana ule mlango wa mnara ulifunguliwa kwa waumini, na foleni ikajipanga yenyewe kutoka kwenye tofali la kiganja hadi barabarani. Ilikwisha kusikika kwamba ukiweka mkono wako ndani ya alama ile na kuomba, unapata. Walikuwepo wanaotafuta kazi, wenye kesi za mashamba, mwanamke anayetaka mtoto wa kiume, mzee wa presha. Mke wa shemeji alikuwa amekuja kwa ajili ya mgongo. Kijana wa skauti mwenye utepe begani aliwekwa pale kuhakikisha hakuna anayekaa zaidi ya Salamu Maria moja.

Mfuaji alijipanga nyuma ya mzee wa presha. Hakukuwa na kaburi lingine la kwenda. Foleni ilisogea taratibu, watu wakisimuliana bei ya vitu, na kila aliyetoka mbele alinusa vidole vyake na kutabasamu. Zamu yake ilipofika, aliona kwamba ukingo wa ile alama umeshaanza kung'aa kwa mafuta ya mikono ya watu. Aliupangusa kwanza kwa upindo wa kanga yake. Kisha akaingiza mkono wake ndani, kiganja kwa kiganja, na tofali likafumba vidole, likamshika. Kiganja kilikuwa na joto. Kilimbana jinsi kilivyokuwa kikimbana gizani, bila maneno, alipoamka na ndoto mbaya.

Alisimama hivyo. Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu Majilio hakuwa anahisi kichefuchefu.

"Mama," akasema yule wa skauti kwa adabu, "ukishaomba sogea. Wengine wanasubiri."

Kiganja kikamwachia. Mfuaji akasogea, na mwanamke anayetaka mtoto wa kiume akaweka wake.